Supu ya krimu na deni la Shosho

Wasee, jana nilipika ile supu nzito ya watu wa New England kule Marekani: kombe wa baharini, viazi, kitunguu, maziwa na krimu. Sasa Nakuru bahari iko wapi? Nikatumia kamba wa Ziwa Naivasha.

Najua mtaniambia huo ni uzungu. Haya, hebu tuangalie. Hao kamba asili yao ni Marekani, waliletwa Naivasha mwaka wa 1970. Hata viazi vya Molo asili yake ni milima ya Amerika Kusini.

Lakini krimu ndiyo imenifanya niandike. Mwaka wa 1904 Wamaasai wa huku walihamishwa na mifugo yao hadi Laikipia, ili walowezi wapate ardhi karibu na reli. Mwaka wa 1925 walowezi wakaanzisha KCC, pale pale Naivasha. Shosho yangu alilelewa kwenye shamba la mzungu upande wa Njoro. Babake alikamua, krimu ikaenda kiwandani, wao wakabaki na maziwa mepesi.

Bakuli la kwanza nilimpa yeye. Akaonja, akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe ndivyo ilivyokuwa tamu."

Basi msiniambie krimu ni ya wazungu. Nyasi ni za hapa, na mikono iliyokamua ilikuwa yetu.

Ukipika: viazi viive kwanza, krimu iingie mwisho, moto mdogo isikatike. Na mzee wa nyumba aonje kwanza.