Unyevu wa kuta

Unyevu wa kuta ni hali ya maji kuingia na kukaa ndani ya ukuta wa jengo kwa wingi kuliko kawaida. Ni mojawapo ya matatizo yanayoonekana mara nyingi katika nyumba za makazi, ziwe za matofali ya kuchoma, matofali ya saruji, udongo au mawe. Dalili zake ni madoa meusi au ya kahawia, rangi kubanduka au kufanya malengelenge, lipu kuvimba na kumomonyoka, unga mweupe ukutani, pamoja na harufu ya uvundo.

Unyevu huonyesha kwamba kuna maji yanayotoka mahali fulani, kwa hiyo matengenezo huanza kwa kutafuta chanzo chake. Kupaka rangi mpya au kupiga lipu ya saruji bila kuzuia chanzo huficha tatizo kwa muda tu. Katika nyumba za kale zilizojengwa kwa mawe na chokaa, kufanya hivyo kunaweza kuharibu ukuta zaidi.

Aina na vyanzo

Unyevu unaopanda hutoka ardhini. Tofali, jiwe na lipu vina matundu madogo sana, na maji hupanda ndani yake kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi. Kwa kawaida hufika kimo cha mita 1 hivi kutoka sakafuni, ingawa katika kuta nene huweza kupita hapo. Doa lake huwa pana, limelala kwa mstari usionyooka, na hupatikana sehemu ya chini ya ukuta.

Unyevu unaopenya huingia kutoka pembeni au juu. Sababu zake ni bati lililotoboka, mifereji ya paa iliyoziba, nyufa, kingo za madirisha zisizozibwa vizuri, au udongo uliorundikwa nje hadi kuwa juu kuliko sakafu ya ndani. Doa lake huongezeka wakati wa mvua na kupungua wakati wa kiangazi.

Unyevu wa mvuke hutokana na hewa ya ndani ya nyumba. Kupika, kuoga, kukausha nguo ndani na hata kupumua huongeza mvuke hewani. Hewa hiyo ikigusa ukuta au bati baridi, mvuke hugeuka kuwa matone. Hali hii ni ya kawaida katika nyanda za juu zenye baridi, kama vile Njombe nchini Tanzania au Limuru nchini Kenya, hasa katika vyumba vinavyofungwa madirisha usiku kucha.

Unyevu wa mabomba hutokana na bomba linalovuja ndani ya ukuta au chini ya sakafu. Hauna msimu, na doa lake huwa karibu na bafu, choo, jiko au tangi la maji.

Chumvi ukutani

Maji yanayopita ukutani huyeyusha chumvi zilizomo ardhini, katika matofali au katika mchanga wa ujenzi. Maji yakifika juu ya ukuta na kukauka, chumvi hubaki kama unga mweupe. Fuwele zake zikijijenga ndani ya matundu ya tofali au nyuma ya rangi, huisukuma lipu mpaka ikabanduka.

Baadhi ya chumvi hufyonza unyevu kutoka hewani. Ndiyo maana ukuta wenye chumvi nyingi huweza kuonekana umelowa siku za hewa nzito hata baada ya chanzo cha maji kuzibwa. Tatizo hili huwa kubwa katika nyumba zilizojengwa kwa mchanga wa ufukweni usiosafishwa. Unga mweupe hupaswa kuondolewa kwa brashi kavu. Kuuosha kwa maji huurudisha ndani ya ukuta.

Madhara

Ukuta uliolowa huotesha kuvu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2009 mwongozo kuhusu unyevu na kuvu majumbani, ukieleza kwamba wakazi wa nyumba za namna hiyo wako katika hatari zaidi ya kupata matatizo ya kupumua na pumu.

Kwa upande wa jengo, unyevu huozesha mbao na huvutia mchwa. Pia husababisha nondo zilizomo ndani ya zege kushika kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo hulipasua zege kutoka ndani. Soketi na swichi zilizo katika ukuta uliolowa ni hatari ya kupigwa na umeme. Umeme wa sehemu hiyo hupaswa kuzimwa na fundi umeme kuitwa.

Kutambua chanzo

Uchunguzi huanzia nje. Huangaliwa paa, mifereji, mahali maji ya mvua yanapodondokea, mteremko wa ardhi na kimo cha udongo kando ya ukuta. Ndani ya nyumba huandikwa mahali doa lilipo na siku linapoongezeka. Doa linalofuata mvua, linalofuata baridi ya usiku na lisilobadilika mwaka mzima huashiria vyanzo tofauti.

Jaribio rahisi ni kubandika kipande cha nailoni chenye upana wa sentimita 30 hivi juu ya ukuta, kuziba kingo zake zote kwa utepe na kukiacha kwa siku 2. Matone yakitokea upande wa chumbani, mvuke wa hewa unahusika. Yakitokea upande wa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Ukuta mmoja huweza kuwa na vyanzo viwili kwa pamoja.

Ili kujua kama bomba linavuja, mifereji yote hufungwa na dira ya maji husomwa. Baada ya saa kadhaa husomwa tena. Namba zikiwa zimesogea, kuna maji yanayopotea.

Matengenezo

Kazi hufuata utaratibu huu:

1. Kuzuia chanzo: kuziba paa, kusafisha au kufunga mifereji, kutengeneza bomba, na kuinamisha ardhi ili maji ya mvua yaende mbali na msingi. Udongo ulioegemea ukuta huondolewa.
2. Kubomoa lipu iliyoharibika, kupita mwisho wa doa kwa sentimita 30 hivi.
3. Kuacha ukuta ukauke. Mafundi wengi hukadiria mwezi 1 kwa kila milimita 25 za unene, hivyo ukuta wa milimita 225 huweza kuhitaji miezi 9. Kuharakisha hatua hii ndiko kunakofanya kazi nyingi zirudiwe.
4. Kupiga lipu mpya inayolingana na ukuta, kisha kupaka rangi inayopitisha mvuke. Rangi ya mafuta huzuia ukuta kukauka.

Kwa unyevu wa mvuke, kubomoa lipu hakuhitajiki. Tiba yake ni kufungua madirisha, kutoboa matundu ya hewa karibu na dari, kufunika sufuria wakati wa kupika na kusogeza kabati mbali kidogo na ukuta wa nje. Kuvu husafishwa kwa maji ya sabuni, na mwenye kusafisha hufunika pua na mdomo. Dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini isichanganywe na asidi wala amonia, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.

Kinga wakati wa kujenga

Kuzuia unyevu wakati wa ujenzi ni rahisi kuliko kuutibu baadaye. Juu ya msingi, angalau sentimita 15 kutoka usawa wa ardhi ya nje, hulazwa tabaka lisilopitisha maji katika upana wote wa ukuta. Tabaka hilo huwa karatasi ya lami au nailoni nzito iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Nailoni nyingine hutandazwa juu ya kifusi kabla ya kumwaga zege la sakafu, na kuunganishwa na tabaka la ukutani ili pasibaki mwanya. Lipu ya nje isivuke tabaka hilo hadi ardhini, kwani maji yatapanda kupitia lipu.

Paa lenye ukingo mpana hukinga ukuta dhidi ya mvua. Nyumba za jadi za pwani zilitumia njia hiyo: makuti yaliyoshuka chini na baraza iliyoinuliwa viliweka maji mbali na kuta za udongo.

Nyumba za mawe za pwani

Nyumba za kale za Zanzibar, Lamu na Mombasa zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, na dari zake zikabebwa na boriti za mikoko. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001.

Chokaa hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa au matumbawe katika joto la takriban sentigredi 900. Hapo dioksidi kabonia hutoka, na kinachobaki huzimwa kwa maji. Ikishapigwa ukutani, chokaa hufyonza tena dioksidi kabonia kutoka hewani na kuwa ngumu polepole. Lipu yake ina matundu mengi, kwa hiyo maji yaliyoingia ukutani hupata njia ya kutoka. Chokaa mbichi huunguza ngozi na macho, hivyo mafundi huhitaji glavu na miwani.

Saruji ya Portland, iliyopewa hataza nchini Uingereza mwaka 1824 kwa jina la Joseph Aspdin, ni ngumu zaidi na haipitishi mvuke kwa urahisi. Ikipigwa juu ya ukuta wa matumbawe, nyufa zake ndogo huingiza maji ya mvua lakini lipu yenyewe huyazuia yasitoke. Chokaa ya ndani hulainika, na vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani huoza bila kuonekana. Kwa sababu hiyo wahifadhi wa majengo hushauri kuta hizo zitengenezwe kwa chokaa, ingawa huchukua muda mrefu na huhitaji kupakwa upya mara kwa mara.

Dalili za hatari katika nyumba hizo ni ukuta unaotokeza nje, ufa unaoendelea kupanuka na dari inayobonyea. Zikionekana, wakazi hupaswa kuondoka sehemu hiyo na mhandisi kuitwa kabla ya lipu yoyote kubomolewa.

Tazama pia

- Chokaa
- Saruji
- Matumbawe
- Mji Mkongwe wa Zanzibar