Kiwanda cha Kwinini cha Bukavu katika Historia ya Dawa Lengwa

Historia ya dawa lengwa za saratani, yaani dawa zinazoundwa ili kushambulia sehemu mahususi ya chembe yenye ugonjwa na kuziacha nyingine kadiri inavyowezekana, kwa kawaida huanzishwa katika maabara za Basel na California. Bukavu, mji wa Kongo uliojengwa juu ya rasi zinazoingia katika Ziwa Kivu, hautajwi humo. Hata hivyo, Bukavu ni mojawapo ya miji michache ya Afrika ya kati ambamo dawa imetengenezwa kuanzia shambani hadi kidonge, na kiwanda chake, Pharmakina, kilitengana na biashara kubwa ya dawa za dunia katika miaka ileile ambayo biashara hiyo ilikuwa ikigeukia bioteknolojia.

Msingi wa kazi hiyo ni mti wa kwinini, ambao wataalamu huuita Cinchona na ambao asili yake ni milima ya Andes. Mnamo 1820 Wafaransa Pelletier na Caventou walifaulu kuitenga kwinini kutoka katika gome lake, na baadaye Waholanzi waliustawisha mti huo kisiwani Java kwa bidii kubwa, kiasi kwamba kabla ya Vita Kuu ya Pili zaidi ya asilimia 90 ya kwinini ya dunia ilitoka huko. Wajapani walipoiteka Java mwaka 1942, majeshi ya Washirika yaliyopigana katika nchi zenye malaria yalijikuta hayana dawa, na nyanda za juu za Kivu, zenye mvua ya kutosha, baridi ya wastani na udongo wa volkano, zikapata thamani mpya machoni pa serikali ya kikoloni. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Mulungu, kilichokuwa chini ya taasisi ya INEAC iliyoundwa mwaka 1933, kilikuwa tayari jirani. Mashamba yakapanuliwa, na kiwanda kikajengwa katika mji ambao wakati huo bado uliitwa Costermansville.

Kazi yenyewe ilihitaji subira na mikono mingi. Mti huachwa ukue kwa miaka kadhaa kabla ya kuvunwa, na kwa kuwa gome la mizizi nalo lina kwinini, mara nyingi hung'olewa mzima. Gome hupigwapigwa kwa vipande vya mti mpaka liachie, likaanikwa, likasafirishwa kiwandani na kusagwa. Unga wake huchanganywa na chokaa ili kwinini iachane na asidi za mmea, kisha huoshwa kwa kiyeyushi na kutiwa asidi ya salfa, na hapo ndipo fuwele nyeupe za kwinini salfeti zinapojitokeza. Ni kemia halisi ya viwandani, na waliozoea kuihesabu Kivu kuwa nchi ya kahawa, chai na madini pekee huwanyima haki vizazi vya wafanyakazi walioifanya kazi hiyo.

Malaria, ugonjwa uliotibiwa kwa kwinini, ndiyo pia iliyosaidia kuzaa fikra ya dawa lengwa. Mwaka 1891 Paul Ehrlich na Paul Guttmann waliwatibu wagonjwa wa malaria mjini Berlin kwa rangi ya buluu ya methilini, kwa sababu Ehrlich alikuwa ameona chini ya hadubini kwamba rangi hiyo hushika vimelea. Kutokana na kazi za namna hiyo alijenga wazo la dawa inayomfuata adui wake kama risasi bila kumdhuru mwenyeji. Kwinini haikupatikana kwa njia hiyo, kwani gome lenye kwinini lilitumiwa kwa zaidi ya karne mbili kabla ya mtu yeyote kujua kimelea cha malaria ni nini. Mfano wa kinyume ni imatinibi ya kampuni ya Novartis, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001 dhidi ya aina moja ya saratani ya damu: kasoro ya kromosomu ilionekana kwanza, mwaka 1960, ikafuatiwa na ugunduzi wa protini inayotokana nayo, na mwisho ikaundwa molekuli ya kuizuia.

Baada ya uhuru Pharmakina ilikuwa mali ya kampuni ya Kijerumani ya Boehringer Mannheim. Mwaka 1997 kampuni ya Roche ya Uswisi ilikubaliana kuinunua Boehringer Mannheim, ikivutiwa hasa na vipimo vyake vya maabara, na Roche hiyo ilikuwa tangu 1990 na hisa nyingi katika Genentech ya California, ambayo mwaka 1998 ilitoa trastuzumabu, kingamwili inayolenga protini ya HER2 katika baadhi ya saratani za matiti. Katika mpango huo mpya, mashamba ya miti katika jimbo lililoingia vitani mwaka 1996 na tena mwaka 1998 hayakuwa na nafasi. Mwaka 1999 kiwanda kilinunuliwa na mameneja wake wawili, Horst Gebbers na Etienne Erny. Kwa kuendelea kuvuna na kulipa mishahara wakati barabara zikiwa mikononi mwa watu wenye silaha, walifanya jambo linalostahili heshima kubwa kuliko inayopewa.

Mwaka 2005 Pharmakina ilianza kutengeneza Afri-Vir, dawa ya kupunguza makali ya UKIMWI, ikitumia ruhusa ambayo sheria za biashara za dunia zinazipa nchi maskini zaidi kutolazimika kuheshimu hataza za dawa, ruhusa iliyokwisha kurefushwa hadi 2033. Miaka michache baadaye soko la kwinini lilitikiswa: mwaka 2010 utafiti uliohusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Kongo ikiwamo, ulionyesha kwamba kati ya waliougua malaria kali, waliopewa artesuneti, dawa nyingine ya malaria, walifariki asilimia 8.5, na waliopewa kwinini asilimia 10.9. Shirika la Afya Duniani likaitanguliza artesuneti.

Kwa upande wa sheria, basi, ruhusa iliyozaa Afri-Vir ingeweza kufungua mlango hata kwa vidonge vya saratani. Lakini kwa saratani ile ya damu imatinibi haitolewi kabla kipimo cha maabara hakijathibitisha kasoro ya kromosomu, wala trastuzumabu kabla kipande cha uvimbe hakijachunguzwa kama kina HER2, na biashara ya vipimo vya maabara ndiyo hasa Roche iliyoifuata iliponunua Boehringer Mannheim.