Tamasha la Annecy na Uteuzi wa Filamu Fupi: Picha, Kimya na Lugha

Neno katuni limekwisha kukita mizizi katika Kiswahili, wala hapana haja ya kulifukuza. Asili yake ni neno la Kitaliano lililotaja karatasi nzito ambayo wachoraji waliichorea vielelezo vya kazi zao. Waingereza walilichukua wakalipa maana ya mchoro wa mzaha, na kutoka kwao likafika Afrika ya Mashariki. Jina hilo lina upungufu mmoja: lataja karatasi na mzaha, lakini halitaji uhai. Wafaransa walioanzisha tamasha la Annecy waliiita sanaa yao kwa neno lenye asili ya Kilatini, ambalo shina lake ni pumzi au roho. Kiswahili cha siku hizi nacho kina neno lililo karibu na hilo, yaani uhuishaji, kutokana na kitenzi kuhuisha. Tofauti ya majina haya si jambo dogo, kwa kuwa tamasha lenyewe lilizaliwa katika madai kwamba sanaa hii si mchezo wa watoto tu, bali ni sanaa kamili inayostahili kuwa na baraza lake.

Sanaa hiyo ina umri mkubwa kuliko senema ya kawaida. Tarehe 28 Oktoba 1892, katika jumba la Musée Grévin mjini Paris, Émile Reynaud aliwaonyesha watu picha alizozichora kwa mkono juu ya utepe mrefu na kuzitupia nuru hata zikaonekana kutembea. Ilikuwa zaidi ya miaka mitatu kabla ya ndugu wawili wa jamaa ya Lumière kuonyesha filamu zao kwa malipo mjini humo, Desemba 1895. Lakini kamera ilikuwa na kasi ambayo mkono wa mchoraji haukuweza kushindana nayo. Reynaud alifilisika, na katika uchungu wake akatupa sehemu kubwa ya kazi zake katika mto Seine. Tangu hapo filamu iliyochorwa ikawa kitu cha kutanguliza tu: watazamaji walionyeshwa dakika chache za kuwachekesha, kisha filamu kubwa ikaanza.

Katika mwaka wa 1956, huko Cannes, wapenzi wa sanaa hii walitengewa siku zao maalum. Hata hivyo Cannes ulikuwa mji wa nyota wa senema, na mgeni mdogo katika karamu ya wakubwa hakosi kusahauliwa. Ndipo, mwezi wa Juni 1960, tamasha lilipohamia Annecy, mji mdogo ulio kando ya ziwa karibu na milima ya Alps. Katika mwaka huohuo ikaundwa jumuiya ya kimataifa ya watu wa fani hiyo, ijulikanayo kwa jina la ASIFA, na Norman McLaren akawa rais wake wa kwanza. McLaren alikuwa Mskochi aliyefanya kazi Kanada, na baadhi ya filamu zake alizifanya bila kamera, kwa kukwaruza na kuchora juu ya utepe wenyewe. Alifundisha kwamba kiini cha sanaa hii ni mwendo uliochorwa, wala si michoro inayokwenda. Kinachofanyika baina ya picha moja na ya pili kina uzito kuliko picha zenyewe.

Hapana budi kukumbuka hali ya dunia ya wakati ule. Mwezi wa Agosti 1961, mwaka mmoja na miezi miwili tu baada ya mkutano huo, ukuta ulianza kujengwa mjini Berlin. Lakini huko Annecy wasanii wa Mashariki na wa Magharibi walikaa katika ukumbi mmoja, wakatazamana kazi zao. Zawadi kuu ya mwaka wa 1960 ilikwenda Chekoslovakia, kwa filamu ya vikaragosi ya Břetislav Pojar iitwayo Lev a písnička, yaani Simba na Wimbo. Humo mwanamuziki mmoja afika jangwani, apigia wanyama kinanda chake cha kukunja, na simba ammeza pamoja na kinanda. Tangu siku hiyo kila simba anapojongea, kinanda hulia tumboni mwake. Wanyama humsikia wakakimbia, naye hufa kwa njaa. Mwishowe msafiri mwingine akiokota kinanda katika mifupa ya simba, na kukipiga tena.

Katika filamu hiyo hapana neno hata moja linalotamkwa. Kisa hiki kiliweza kueleweka na Mfaransa, Mrusi na Mkanada bila mkalimani. Vivyo hivyo Surogat, kazi ya Dušan Vukotić wa Zagreb ya mwaka wa 1961, ilipata zawadi ya Oscar mwaka uliofuata, nayo ilikuwa filamu ya kwanza ya fani hii kutoka nje ya Marekani kuipata. Mataifa yenye lugha zisizosomwa na wengi yalipata mlango wa kuingilia, na mlango huo ulikuwa kimya. Mwenye macho haambiwi tazama.

Lakini kila mlango una bawabu wake. Filamu zinazopelekwa kwenye tamasha hutazamwa kwanza na kamati ya uteuzi. Chache huchaguliwa, na hizo ndizo zinazofika mbele ya waamuzi. Historia huwakumbuka waamuzi kwa sababu ndio watoao zawadi, lakini kazi kubwa zaidi imekwisha kufanywa na wale waliopepeta. Kwa hiyo lilikuwa jambo la faida kwamba ungo haukubaki mmoja. Zagreb ilianza tamasha lake mwaka wa 1972, Ottawa mwaka wa 1976, na Hiroshima mwaka wa 1985, miaka arobaini baada ya bomu. Hili la Hiroshima lilidumu hata 2020. Annecy, lililokuwa likifanywa kwa kawaida baada ya kila miaka miwili, likawa la kila mwaka tangu 1998. Filamu iliyokataliwa hapa yaweza kupokewa kule.

Afrika nayo haikuchelewa kuanza. Moustapha Alassane wa Niger, aliyejifunza kwa McLaren huko Kanada, alitoa mwaka wa 1966 filamu fupi Bon voyage, Sim, ambamo chura aliye rais asafiri kwa ziara ya heshima, na arudipo akuta amepinduliwa. Hicho nacho ni kisa cha kuonekana kwa macho. Lakini Alassane huyohuyo alipogeukia hadithi ya kale katika Samba le Grand, filamu ya vikaragosi ya 1977, aliingia katika mali ya msimulizi, na mali ya msimulizi ni lugha.

Hapa ndipo linapotokea suala linalowahusu wataalamu wa lugha. Kimya kilizipa nchi ndogo usawa. Hata hivyo kimya kikizoeleka sana chaweza kugeuka sharti. Msanii anayejua kwamba filamu yenye maneno huhitaji maandishi ya Kifaransa au Kiingereza chini ya picha, hushawishika kuyaacha maneno. Hadithi ya Kiswahili isiyo na paukwa wala pakawa, isiyo na wimbo unaoitikiwa na wasikilizaji, yaweza kupendeza macho, lakini nusu yake imebaki nyumbani. Tafsiri fupi na sahihi ya maandishi hayo ni kazi ngumu, kwani mistari miwili yapaswa kubeba methali na kicheko chake, nayo yahitaji watu waliofunzwa.

Basi neno uhuishaji lafaa kupimwa kwa maana yake kamili. Kuhuisha ni kutia pumzi, na pumzi ndiyo ibebayo sauti. Simba wa Pojar alimla mwanamuziki, lakini wimbo ulikataa kunyamaza tumboni mwake.