Uhusika katika Kilatini na Kosa la Ukutani Pompeii

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, bila shaka mmewahi kuiona sentensi hii katika insha: "Tuliingia katika darasani." Mimi huipiga mstari mwekundu. Kihusishi "katika" kimekwisha kutaja mahali, kiambishi -ni nacho kinarudia kazi iyo hiyo. Hata hivyo, kabla hatujamcheka mwanafunzi, hebu tuitazame historia ya Kilatini.

Kilatini cha kale kilikuwa na uhusika, yaani nomino ilibadilika mwisho kulingana na kazi yake katika sentensi. Warumi waliuita casus, "kuanguka", istilahi waliyoifasiri kutoka Kigiriki. Chukua nomino discipulus, "mwanafunzi". Ikiwa kiima, husalia vivyo hivyo. Ikiwa shamirisho kipozi huwa discipulum. Ikiwa kitondo, discipulo. Umilikaji, ambao sisi huuonyesha kwa a-unganifu, ulidai discipuli, na aliyemwita mwanafunzi alisema discipule! Uhusika wa sita, ablativus, ndio uliobebeshwa mzigo mzito: shamirisho ala (stilo, "kwa kalamu"), mahali kitu kilikotoka, na nomino zilizofuata baadhi ya vihusishi, mathalani cum, "pamoja na". Yalikuwepo pia mabaki ya uhusika wa mahali, unaofanana na -ni yetu: domi ni "nyumbani".

Kwa hiyo magister discipulum laudat na discipulum magister laudat zote zina maana ya "mwalimu anamsifu mwanafunzi". Washairi waliufaidi uhuru huo. Virgil aliweza kukitenga kivumishi na nomino yake kwa maneno kadhaa, na msomaji akaviunganisha kwa kutazama miisho.

Ila miisho hiyo ilisimama juu ya sauti dhaifu. Sauti m ya mwisho ilififia mapema katika matamshi, tofauti ya irabu fupi na ndefu ikapotea baadaye, na discipulum na discipulo zikawa karibu sawa masikioni.

Mwaka 79 mlima Vesuvius uliufukia mji wa Pompeii pamoja na maandishi ya kuta zake. Tangazo moja la uchaguzi linamwombea mgombea kura kwa jina la Saturninus cum discentes, "Saturninus pamoja na wanafunzi". Sarufi ilidai cum discentibus. Ajabu ni kwamba kosa limeangukia neno "wanafunzi" lenyewe! Lakini aliyelipaka hakukosa mantiki: cum ilikwisha kusema "pamoja na", na mwisho wa nomino haukuwa na kazi iliyobaki.

Walimu walipinga. Orodha ya kale iitwayo Appendix Probi inasahihisha maneno 227, na miongoni mwake noscum, "pamoja nasi", inakataliwa kwa kuwa sahihi ni nobiscum. Leo orodha hiyo ni ushahidi muhimu wa jinsi watu walivyozungumza hasa. Kifaransa, Kihispania na Kiitaliano ziliupoteza uhusika wa nomino, zikategemea vihusishi na mpangilio wa maneno. Kiromania kilihifadhi sehemu yake.

Bado naikata "katika darasani", maana mtahini ataikata pia. Ila siku hizi huandika pembeni "katika darasa" na "darasani", nikamwachia mwanafunzi achague mojawapo.