Ukurasa wa Yaliyomo Umetoka Wapi

Ukurasa wa yaliyomo una umri mkubwa kuliko majarida yenyewe. Ukiufuatilia nyuma unafika Roma, yapata mwaka 77, mwandishi Pliny Mzee alipomtunukia Titus, mwana wa kaisari, vitabu 37 kuhusu maumbile. Kitabu cha kwanza kilibeba orodha ya yaliyomo katika vingine vyote. Sababu aliieleza mwenyewe: Titus ana shughuli nyingi, asilazimike kusoma kila kitu, na wengine nao watafute wanachokihitaji tu. Tena kwa uungwana alimtaja Valerius Soranus, aliyemtangulia kufanya hivyo kwa Kilatini.

Kutoka Roma tuje London, Januari 1731, Edward Cave anapoanzisha The Gentleman's Magazine. Ukurasa wa mbele una mchoro wa lango la kale la St John, Clerkenwell. Pembeni yake yamepangwa majina ya magazeti, na chini yake yaliyomo yamebanana kwa herufi ndogo. Mnunuzi aliijua bidhaa kabla ya kutoa pesa.

Desturi hiyo ilidumu. Reader's Digest, lililoanzishwa na DeWitt na Lila Wallace Februari 1922, nalo kwa miongo mingi liliiweka orodha juu ya jalada, hadi 1998 ilipohamishiwa ndani. The New Yorker, lililoanza 1925, lilishika njia nyingine: kwa miongo mingi halikuwapa wasomaji ukurasa kamili wa yaliyomo, mpaka 1969.

Picha ilipotwaa jalada, orodha ilihamia ndani na kupata sura tunayoijua leo: makala kuu upande mmoja, safu za kudumu upande mwingine; namba ya ukurasa kwa herufi nene, kichwa, mstari mmoja wa maelezo na jina la mwandishi. Picha nazo hubebeshwa namba, ili jicho lililovutwa lijue pa kwenda. Lakini katika majarida mengi, kabla ya kuufikia ukurasa huo unapekua matangazo kwanza.

Hapo ndipo tumemsahau Pliny. Orodha ile ni haki ya msomaji, si nafasi iliyobaki baada ya wauza bidhaa kutosheka. Wahariri na wasanifu, iwekeni karibu na jalada, hakikisheni namba ni sahihi, na jina la mwandishi lisikosekane.