Binti wa San Lorenzo na kibao chake



Mama mmoja kanisimamisha baada ya Alasiri: "Ustadh, mwanangu ana miaka minne. Kuna chekechea watoto wanajichagulia kazi wenyewe. Si kupoteza ada huko?" Nikamwambia nitakuandikia.

Sikiliza ilivyoanza. Tarehe 6 Januari 1907, mjini Roma, mtaa wa mafukara wa San Lorenzo. Wazazi wakienda kazini, watoto wadogo hubaki wakiharibu kuta na ngazi. Wenye majengo wakatoa chumba watazamwe humo. Yaani walikuwa wanalinda kuta zao! Msimamizi akawa Maria Montessori, daktari aliyehitimu mwaka 1896, ambaye alikwishafundisha watoto wenye ulemavu wa akili.

Siku moja akamwona binti wa miaka 3 hivi ameshika kibao chenye matundu na vipande vya mbao vya mviringo, kila kipande kina tundu lake. Ukikosea kimoja, mwishoni kinabaki kisicho na pa kukaa, basi kibao chenyewe kinakuambia. Binti anavitoa, anavichanganya, anavirudisha. Daktari akawaambia wenzake waimbe, hakuinua macho. Akambeba pamoja na kiti chake akamweka juu ya meza. Binti akapakata kibao chake, akaendelea. Alirudia zaidi ya mara 40. Kisha akaacha mwenyewe, uso umechangamka kama aliyelala usingizi mzuri. Hakuahidiwa peremende wala hakuonyeshwa bakora.

Siku nyingine kabati halikufungwa. Mwalimu alipofika, watoto wameshachukua vifaa na wanafanya kazi. Yeye akaona wizi. Daktari akaona wanajua wanachokitaka. Tangu hapo yakawekwa makabati mafupi, yaliyo wazi.

Lakini tusidanganyane, si kwamba mtoto afanye atakalo. Vifaa vimechaguliwa na mkubwa, ukimaliza unarudisha mahali pake, na humsumbui mwenzio.

Najua atatokea wa kusema huyo alikuwa Mkatoliki. Sawa. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameandika ndani ya Ihya kuwa mtoto akitoka chuoni aachwe acheze, kwani kumnyima mchezo na kumchosha kwa masomo huua moyo wake. Tumeisoma sisi wenyewe, tukaipita.

Mimi wa kwanza. Nimesomesha chuo miaka mingi. Kulikuwa na mtoto akiandika jim, anaifuta, anaiandika tena, kutwa nzima. Nikamchapa kwa kuwa wenzake wamefika dal. Leo ni mtu mzima, ananipa shikamoo njiani, nami naitikia huku natazama chini.

Basi mama yangu, kabla hujalipa ada, nenda asubuhi ukakae pembeni nusu saa. Tazama kama kabati linafikiwa na mkono wa mtoto. Kisha mtazame mwalimu: mtoto akikosea, anafanya nini?