Protini katika mkojo: maana, visababishi na matumizi

Protini katika mkojo (pia: *protini kwenye mkojo*). Kirai nomino. *Protini* hutumika katika ngeli ya I-ZI na *mkojo* katika ngeli ya U-I.

Maana

Hali ya protini ya damu kutoka na mkojo kwa kiasi kinachopita kawaida. Mtu mzima mwenye afya hutoa chini ya miligramu 150 za protini katika mkojo wa saa 24. Vichujio vidogo vilivyo ndani ya figo huzuia protini kubwa, hasa albumini, na protini ndogo zinazopita hufyonzwa tena kabla mkojo haujatoka. Kichujio kikiharibika au ufyonzaji ukishindwa, protini huvuja. Ikiwa nyingi, mkojo huweza kuwa na povu lisiloisha upesi, lakini mara nyingi mtu hahisi chochote mpaka mkojo upimwe kwa kijiti.

Istilahi hii hutaja matokeo ya kipimo. Si jina la ugonjwa. Kwa hiyo tungo kama *anaumwa protini* haifai. Husemwa *ana protini katika mkojo*, kisha kisababishi hutajwa baada ya kuthibitishwa.

Visababishi

*Vya muda.* Homa, mazoezi mazito na upungufu wa maji mwilini huweza kupandisha protini kwa siku chache. Ndiyo maana kipimo hurudiwa, aghalabu kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi.

*Vya figo.* Kisukari, shinikizo la juu la damu, uvimbe wa vichujio vya figo, selimundu na VVU. Kwa watoto, aina moja ya malaria inayorudisha homa kila baada ya saa 72 imehusishwa na uvujaji mkubwa wa protini pamoja na kuvimba mwili.

*Vya njia ya mkojo na limfu.* Katika kichocho cha mkojo, damu inayotoka kwenye kibofu huja na protini zake, hata kama figo ni nzima. Minyoo ya matende nayo ikiziba mishipa ya limfu, majimaji yenye mafuta na protini huweza kupenya hadi kwenye mkojo, ukawa mweupe kama maziwa.

*Vya ujauzito.* Tazama *kifafa cha mimba* hapa chini.

Matumizi: mfano wa Matema

Matema, wilayani Kyela, ipo kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, chini ya milima ya Livingstone. Hapo Kiswahili cha zahanati hukutana na Kinyakyusa na Kikisi, na wasikilizaji wengi hupima maana ya neno la kitabibu kwa neno wanalolijua tayari. *Protini* wameijua kwa somo la lishe, yaani samaki, maharage, maziwa na mayai. Anayeambiwa *protini yako imezidi* huweza kuelewa kwamba amekula mno, akaacha usipa na maharage. Ikiwa ni mjamzito, amejinyima chakula anachokihitaji, na kisababishi bado kipo palepale.

Kitenzi *kuzidi* ndicho kinachopotosha. *Kuvuja* na *kupitisha* huonyesha vyema zaidi kinachotokea:

– Isiyofaa: *Mama, protini yako imezidi.*
– Inayofaa: *Mama, figo zako zinapitisha protini ambayo ingebaki mwilini. Si kwa sababu ya chakula. Tutatafuta chanzo chake.*

Pia *mkojo mchafu*, msemo wa mitaani unaotumiwa kwa maambukizi ya njia ya mkojo, usichukuliwe kuwa kisawe. Humfanya mgonjwa ameze dawa za maambukizi huku kisukari au shinikizo la damu likiendelea kuharibu figo. Visababishi viwili pia huweza kukutana kwa mtu mmoja: utafiti uliofanyika Kyela na kuchapishwa mwaka 2016 katika jarida la *Lancet* ulionyesha kwamba wenye minyoo ya matende waliambukizwa VVU zaidi kuliko wasio nayo.

Kifafa cha mimba

Kwa kawaida hali hii hutambuliwa baada ya wiki ya 20 ya ujauzito, shinikizo la damu linapofika 140/90 au zaidi pamoja na protini katika mkojo. Jina lenyewe hutaja degedege, yaani hatua ya mwisho. Mama ambaye hajawahi kuanguka huweza kusema, *Mimi sina kifafa,* akarudi nyumbani. Kabla ya degedege, mfasiri aandike *hali inayoweza kuleta kifafa cha mimba*, na ataje dalili za hatari: maumivu makali ya kichwa, kuona ukungu na maumivu ya sehemu ya juu ya tumbo. Isiandikwe kwamba kukosekana kwa protini kunaondoa hatari, kwani hali hii huweza kuwapo bila protini kuonekana.

Kwa ufupi

Tumia *protini katika mkojo* kwa matokeo ya kipimo, *kuvuja* au *kupitisha* kwa kinachotokea mwilini, na jina la ugonjwa kwa kisababishi kilichothibitishwa tu.

Linganisha: *albumini*, *figo*, *kichocho*, *matende*, *selimundu*.